Sauti ya Stereo katika Televisheni ya Analojia: Ilivyoingia na Ilivyoondoka

Mwanafunzi, usianze mada hii kwa kukariri miaka. Anza na tatizo lililowakabili wahandisi. Mamilioni ya watu walikuwa na televisheni za mono, yaani zenye mkondo mmoja tu wa sauti. Kituo sasa kinataka kurusha mikondo miwili: wa kushoto, tuuite A, na wa kulia, tuuite B. Kikirusha A mahali pa sauti ya zamani na B pembeni, mwenye televisheni ya zamani atasikia nusu ya mchezo. Mwigizaji akiongea upande wa kulia, sauti yake itafifia au itapotea kabisa.

Ufumbuzi ulikuwa hesabu ya kidato cha kwanza. Mahali pa sauti ya zamani rusha jumla, A + B. Mahali pengine, ambapo televisheni ya zamani haiwezi kusikiliza, rusha tofauti, A − B. Televisheni ya mono hupokea jumla na kupata sauti kamili. Televisheni ya stereo hupokea zote mbili na kuzitenganisha.

Mfano: A = 7 na B = 3. Jumla ni 10, tofauti ni 4. Ukizijumlisha unapata 14, nusu yake ni 7, ambayo ni A. Ukitoa 4 katika 10 unapata 6, nusu yake ni 3, ambayo ni B. Fanya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe mpaka uizoee, kwa sababu sehemu iliyobaki ya mada imesimama juu yake.

Japani ilianza matangazo ya stereo mwaka 1978. Marekani iliidhinisha mfumo wake mwaka 1984, nao ulifuata jumla na tofauti kama tulivyoeleza. Tofauti ilibebwa kwenye masafa ya Hezi 31,468, mara mbili ya masafa ya mistari ya picha, ambayo ni Hezi 15,734. Palibaki nafasi ya sauti ya tatu, iliyotumika mara nyingi kwa lugha ya Kihispania.

Ujerumani Magharibi, mwaka 1981, ilichukua njia nyingine kidogo. Iliongeza wimbi la pili la kubeba sauti: la kwanza lilibaki kwenye megahezi 5.5, la pili likawekwa megahezi 5.742. La kwanza lilibeba nusu ya jumla, la pili lilibeba B peke yake. Hapa watahiniwa huteleza, wakidhani kila mfumo ulirusha A − B. Uholanzi, Uswisi na Australia zilifuata njia ya Ujerumani.

Mfumo wa Uingereza, NICAM, uliobuniwa na BBC, unastahili muda wako zaidi. Wenyewe ulirusha stereo kwa biti. Kila milisekunde moja, kila mkondo ulitoa sampuli 32, na kila sampuli ilikuwa na biti 10 pamoja na biti 1 ya kukagua makosa. Kwa hiyo 32 × 2 × 11 = 704. Ongeza biti 24 za usawazishaji na udhibiti, unapata 728. Kwa sekunde nzima ni kilobiti 728. BBC ilianza huduma hiyo rasmi mwaka 1991. Ufaransa na nchi za Skandinavia nazo ziliutumia mfumo huo.

Zingatia: usiandike kwamba NICAM ilikuwa televisheni ya dijitali. Sauti ya stereo pekee ndiyo iliyokuwa ya dijitali. Picha ilibaki ya analojia, na sauti ya mono iliendelea kurushwa mahali pake pa siku zote.

Utangazaji wa dijitali ulikuja na sheria nyingine. Picha na sauti zote hugeuzwa biti na kusafiri pamoja, hivyo hakuna wimbi la pembeni la sauti linalohitajika. Lakini pia hakuna jumla iliyoachwa mahali pa zamani. Televisheni ya zamani haipati hata mono. Haipati chochote bila king'amuzi. Ndiyo maana nchi nyingi zilirusha mifumo yote miwili sambamba kwa muda, kisha zikazima analojia, na stereo yake ikazimika nayo. Berlin ilizima mwaka 2003. Vituo vikubwa vya Marekani vilizima tarehe 12 Juni 2009. Japani ilizima tarehe 24 Julai 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyoumizwa na tsunami, iliyongojewa hadi Machi 2012. Uingereza ilimaliza tarehe 24 Oktoba 2012, na Dar es Salaam ikazima tarehe 31 Desemba mwaka huohuo.

Jambo moja unaweza kulichunguza nyumbani. King'amuzi kikiunganishwa na televisheni kwa waya wa antena, kwa kawaida utasikia mono. Kikiunganishwa kwa waya tatu, wa njano ni wa picha, mweupe ni A, mwekundu ni B.

Jaribu maswali haya

1. Katika mfumo wa Ujerumani, wimbi la kwanza limebeba 6 na la pili limebeba 2. Tafuta A. (alama 3)

2. Mzee wa Berlin Magharibi alinunua televisheni ya mono mwaka 1975, akatumia antena ya juu ya paa. Eleza kwa nini stereo ya 1981 haikumsumbua, lakini mabadiliko ya 2003 yalimwachia kioo kitupu. (alama 6)

Jibu la swali la 1: nusu ya jumla ni 6, hivyo A + B = 12, na A = 12 − 2 = 10. Ukipata 4, umetumia hesabu ya Marekani.