Somo la Mwezi: Agano Ambalo Mmoja Peke Yake Aliliapia
Masomo: Mwanzo 15, Yeremia 31:31–34, Luka 22:14–34



Wako Wakristo kati yetu ambao hawajaikaribia Meza ya Bwana kwa muda mrefu. Mmoja alibatizwa na kupata Kipaimara, kisha akaanguka. Mwingine alipouguliwa na mtoto alikwenda kutafuta zindiko, na sasa aona haya hata kuingia kanisani. Ukiwauliza husema, "Nililivunja agano, basi limekwisha." Kabla ya kuwajibu, yafaa tujifunze agano lenyewe ni kitu gani.

Wazee wetu wa Unyamwezi walilijua jambo hili vizuri. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na mtu asafiriye miezi mingi katika nchi za wageni alihitaji ndugu njiani. Kwa hiyo watu walichanjiana. Damu ya huyu ilitiwa katika chale ya yule, na tangu siku ile adui wa mmoja akawa adui wa wote wawili.

Mfano ujulikanao sana ni wa Mirambo na Stanley. Mwaka 1871 Stanley alikuwa Kwihara, hapa jirani yetu, akajiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga vita Mirambo. Mwezi wa Agosti mwaka ule Mirambo aliingia Tabora akachoma sehemu ya mji. Walikuwa adui kweli kweli. Lakini mwezi wa Aprili 1876, Stanley akishuka kutoka Karagwe, walikutana mahali paitwapo Serombo wakachanjiana. Manwa Sera, mkuu wa watu wa Stanley, ndiye aliyewachanja mguuni na kuichanganya damu yao. Kisha akatamka laana juu ya yeyote atakayeuvunja udugu ule: aliwe na simba, aumwe na nyoka, rafiki zake wamwache, bunduki impasukie mikononi.

Kila mmoja alikuwa na haja yake. Stanley alitaka kupita salama, Mirambo alitaka urafiki na Wazungu. Sisemi kwamba walidanganyana. Nasema tu kwamba agano lile lilisimama juu ya nguzo mbili, faida na hofu ya laana.

Sasa fungueni Mwanzo 15. Abramu anaagizwa kuleta ndama, mbuzi, kondoo, hua na mwana wa njiwa. Wale wanyama watatu anawapasua katikati na kuviweka vipande vikielekeana. Katika Kiebrania kufanya agano husemwa "kukata agano", na desturi yenyewe tunaiona katika Yeremia 34:18. Anayepita kati ya vipande ni kama asemaye: nikilivunja neno langu, nifanywe kama mnyama huyu. Ni laana ya Manwa Sera kwa namna nyingine.

Tungetazamia basi kwamba wote wawili watapita. Lakini jua lilipokuchwa Abramu alishikwa na usingizi mzito, na katika giza tanuru ya moshi na mwenge wa moto vikapita peke yake. Abramu hakupita. Mungu alijifunga Mwenyewe, na laana ya kulivunja agano akaichukua juu Yake. Ndugu zangu, someni sura hiyo polepole, maana wengi huikimbilia sura ya 22 kana kwamba hii haipo.

Waisraeli walivunja maagizo ya Mungu mara nyingi, mpaka Yeremia akatangaza agano jipya, ambalo sheria yake ingeandikwa mioyoni. Na laana je? Paulo anajibu katika Wagalatia 3:13 kwamba Kristo aliichukua pale mtini. Yule aliyepita kati ya vipande peke yake ndiye aliyepasuliwa.

Angalieni tena ni nani waliokaa mezani usiku ule Bwana alipokitoa kikombe na kukiita agano jipya katika damu yake. Alikuwapo Yuda. Alikuwapo Petro, ambaye Bwana alimwambia usiku huo huo kwamba atamkana kabla jogoo hajawika. Aliwajua, na akawapa.

Upendo huu Waebrania huuita hesedi, na Biblia yetu husema fadhili. Katika Zaburi 136 fadhili za milele zinatajwa mara 26, hata pale anapotajwa Ogu mfalme wa Bashani. Mtu atafutaye mfano wa fadhili hapa kwetu na aende Kwihara, kwenye ile tembe ambayo sasa ni makumbusho. Mwezi wa Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao walifika huko wamebeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo. Luteni Cameron aliwashauri wauzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi pwani, wakafika Februari 1874. Aliyewaajiri alikuwa amekufa, wala hakuna laana iliyowasukuma. Lakini wao walimbeba mtu waliyempenda. Kristo alitufia sisi tulipokuwa adui (Warumi 5:10), na hapo mfano wa Kwihara unakoma.

Haya yote hayana maana kwamba dhambi ni jambo dogo. Mtu anayevaa hirizi chini ya kanzu ya kwaya amefanya agano la pili, nalo ni agano la hofu; sharti alivue. Kanisa nalo lina haki ya kumzuia mtu Mezani kwa muda. Lakini kuzuiwa si talaka. Baba amfungiaye mwana chakula cha jioni hajamfuta katika ukoo.

Kwa hiyo ninyi mliokaa mbali, njoni kwa kasisi, faraghani, mseme kilichotokea. Atawaeleza njia ya kurudishwa, na wengi wameipita. Vikundi vya Biblia visome Hosea 11 mwezi huu, vijadiliane swali hili: je, jirani yetu aliyeanguka amepata kusikia kutoka kwetu kwamba mahali pake pangali pake?