Kamyo ya zamani mu hangari: tuiuze kwa bei gani?

Ndugu wamemba wa makoperative, mara nyingi mu gazeti hili tunaongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Leo somo ni la chuma. Sisi ni maagronome, si wafundi wa garaji. Lakini kila tukifika kupima unyevu wa kahawa ao mahindi mu depo, tunakuta ile ile: nyuma ya magunia, chini ya bashi iliyojaa vumbi, kamyo ya zamani imelala. Pine zimekauka, kuku analalia ku kiti cha shofere, panya wanaingia na kutoka mu boneti. Tukiuliza, wazee wanatuambia: «Ile ni kamyo ya koperative. Ilibeba mavuno yetu yote. Iache tu, siku moja itatembea.»

Tunaheshimu neno hilo, kwa sababu kamyo hizi zilinunuliwa na michango ya watu wenye bado wako hai, ao wazazi wao. Ndiyo maana kuiuza ni jambo la feza na la heshima pia. Lakini kuiacha nayo iko na bei. Kamyo ya urefu wa metre 7 na upana wa metre 2 na nusu inakula metre kare 17 na nusu za depo. Ukipanga pale magunia kwa safu tano, yanaingia zaidi ya 150. Tena kahawa kavu inavuta harufu kama sponji. Mazutu ikidondoka karibu yake mwezi mzima, muonjaji ataisikia mu kikombe, na muto mzima utashushwa bei. Basi swali si «tunaipenda ao hatuipendi». Swali ni bei gani, na nani ataamua.

Tujue kwanza tuko na nini

Tuchukue mfano wa kamyo yenye wengi wetu wanaijua: Mercedes yenye pua fupi, 911 ao 1113. Aina hii ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1959, na nyingine zilitoka Brazil. Namba yake ni somo yenyewe. Mu 1113, «11» inaonyesha uzito wa kamyo pamoja na mzigo, karibu tone 11. «13» inaonyesha nguvu ya moteri, karibu farasi 130. Kwa 911 ni tone 9 na farasi 110. Herufi za mbele ya namba nazo zinasema: L ni kamyo ya mizigo, K ni ile ya kumwaga mchanga, na A ni ile yenye kuvuta na magurudumu yote. Kwa hiyo LA 911 si sawa na L 911, hata kama kwa macho zinafanana. Mu matope ya barabara zetu, ile A inaongeza bei, mradi ponti ya mbele ingali nzima.

Moteri ya wengi wao ni ile inayoitwa OM 352, silinda 6, litre 5,7. Namba iliyogongwa ku bloko inaanza na 352. Pangusa uchafu, soma, andika. Kama namba inaanza kwingine, moteri ilibadilishwa, na mnunuzi anayejua kazi ataiona ndani ya dakika mbili. Afadhali mumwambie wenyewe. Uzuri wa moteri hii ni kwamba haina elektroniki, na wafundi wetu wengi wanaijua. Mtu ananunua kamyo ya miaka 40 kama anajua kesho atapata pisi.

Kisha chukua namba ya shasi, uilinganishe na karte roze. Hapa ndipo mauzo mengi yanakufa. Karte roze imepotea, ao iko kwa jina la jeran wa zamani aliyekwisha kufariki, na watoto wake wanasema kamyo ni ya baba. Musitangaze bei yoyote mbele ya kumaliza jambo hilo. Tafuteni fakture, PV za mkutano wa wakati ule, vitabu vya michango. Kama kamyo ilitolewa na mradi ao shirika la msaada, someni mkataba: mara nyingine unakataza kuuza bila ruhusa, ao unasema feza iende wapi. Kamyo isiyo na karatasi inauzwa kama vyuma tu, hata ikiwa moteri inaimba.

Musikimbilie kuiwasha

Tunawaomba sana juu ya hili. Kijana mmoja analeta batri ya kuazima, anapiga démarreur, watu wanapiga makofi, halafu moteri inavunjika. Mu kamyo iliyolala miaka mingi, mafuta yote yameshuka chini, segma zimeshikwa na kutu ndani ya silinda, na mazutu ya zamani imegeuka kuwa maji na gundi.

Fundi mzuri anaanza pole pole. Anamwaga mazutu yote ya tanki na kubadilisha filta. Anafungua kifuniko cha chini cha moteri: kama maji yanatoka mbele ya mafuta, ao mafuta iko na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani na bei inashuka palepale. Kisha anatoa enjektere, anamwaga mafuta kidogo mu kila silinda, anaacha siku moja ao mbili. Halafu anazungusha moteri kwa mkono, na ufunguo mkubwa, bila nguvu ya kishenzi. Ikizunguka mizunguko miwili mizima, kuna tumaini. Ikikataa, musilazimishe, andikeni tu «moteri imeshikwa».

Jambo lingine lenye wengi hawalijui: pompi ya enjeksioni ikikwama wazi, moteri ya mazutu inaweza kukimbia yenyewe na kukataa kuzimika, hata ukitoa ufunguo. Siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame karibu na mahali moteri inavuta hewa, akiwa na kipande cha ubao cha kuziba pale. Kipande cha ubao, si mkono. Wengine wasimame mbali, watoto watoke nje. Na hakuna mtu kulala chini ya kamyo yenye imesimama juu ya kriki peke yake.

Pine nazo zitazame. Ku ubavu wa pine, mwisho wa namba ya DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2309 ni juma la 23 la mwaka 2009. Kama tarakimu ni tatu tu, pine ni ya mbele ya mwaka 2000, hata kama meno yake bado marefu. Hiyo hesabuni zero.

Bei tatu, kamyo moja

Mu vitabu vya koperative, kamyo hii ni zero. Mhasibu aliipunguza kila mwaka mpaka ikaisha. Wengine wanadanganyika hapo: «Kama ni zero, yeyote akitoa dola 500 ni faida.» Hapana. Zero ya vitabu inasema tu kwamba gharama imekwisha kugawanywa ku miaka. Haisemi soko linalipa nini. Na ile fakture ya zamani iliyoandikwa kwa zaire haisaidii kupata bei, kwa sababu zaire yenyewe ilitoka mwaka 1998. Itunzeni kwa ajili ya kuonyesha nani ni mwenyewe.

Pia kuna vijana wanaoonyesha mu telefone kamyo kama hii Ulaya, imepakwa rangi, bei inashangaza. Ni kweli, kule Ujerumani wako watu wanaozipenda, hasa zile za LA, wanazigeuza nyumba za kusafiria. Lakini ile iko kule, iko na karatasi zake, na mnunuzi anaweza kuifikia. Yenu iko mlimani. Kutoka hapa mpaka bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa, halafu meli na duane, ile bei tamu inakwisha njiani. Musiipange mu hesabu.

Pangeni bei tatu. Namba zenye tunatoa hapa ni za kuonyesha njia tu. Ninyi mutaweka zile za soko lenu.

Bei ya kwanza ni ya kamyo kama ilivyo. Ulizeni madereva na wafundi watatu ao wanne: kamyo ya aina hii, yenye kutembea na yenye karatasi, inauzwa ngapi? Tuseme dola 9.000. Sasa toa kile mnunuzi atalipa ili ifike pale: pine 6 dola 1.320, batri mbili 300, mafuta na filta 180, freni 450, pompi na enjektere 800, karatasi 350, mkono wa fundi 400. Jumla 3.800. Inabaki 5.200. Lakini mnunuzi anaogopa yale yasiyoonekana, na ana haki. Toa robo ya gharama, ni 950. Inabaki 4.250. Naye hatafanya kazi ya bure, mwachie dola 500. Mumefika 3.750. Basi bei yenu iko kati ya 3.750 na 4.250, na chini ya ile ya kwanza musishuke bila sababu.

Bei ya pili ni ya pisi. Moteri 1.400, bwata vitesi 700, ponti ya nyuma 800, shasi na resori 600, kabini 300, vidogo vidogo 200. Jumla 4.000, na hapo macho yanang'aa. Polepole. Fundi wa kuifungua atachukua 400. Vizuri vitauzwa juma la kwanza, na vibaya vitabaki mu depo mwaka mzima, huku vidogo vidogo vikipotea usiku. Sisi tunaona njia hii ni nzuri tu kama karatasi hazipatikani kabisa, ao kama shasi imevunjika.

Bei ya tatu ni ya kilo. Kilo 3.500 kwa senti 10 ya dola ni dola 350. Hiyo ndiyo bei yenye mnunuzi wa vyuma anaanzia akilini, hata akisema mia tano kwa uso wa huruma. Mama presida mmoja tulimsikia akimjibu vizuri: «Papa, asante. Andika bei yako mu barua, uweke mu sanduku kama wengine.»

Je, mutengeneze mbele ya kuuza? Kidogo tu. Kuifanya iwake ni faida, kwa sababu gharama ni ndogo na woga wa mnunuzi unapungua sana. Karatasi pia ni faida. Pine mpya hapana, kila mnunuzi ako na pine zake akilini. Na rangi mpya hapana kabisa. Rangi juu ya kutu inamfanya mnunuzi ajiulize munaficha nini. Osheni tu, mutoe kuku.

Nani anauza

Kamyo si ya komite. Kuiuza ni uamuzi wa mkutano mkuu, na sheria ya OHADA ya makoperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15/12/2010, inawaongoza pamoja na statuts zenu. Mkutano uandike mu PV: tunauza, bei ya chini kabisa ni hii, feza itafanya kazi hii. Ile bei ya chini isitoke nje. Tena wamemba wasikie hesabu zote tatu, si jibu tu. Mzee aliyetoa michango yake akiona namba kwa macho yake, hata kama moyo unauma, hataondoka akisema watoto wamekula kamyo.

Tangazo libandikwe sokoni, kanisani, ku msikiti, ku redio ya mtaa kama iko. Liseme ukweli wote: mwaka, namba, kile kimeharibika. Wape watu majuma matatu na siku moja ya kuja kutazama wote pamoja. Barua zifungwe, zifunguliwe siku moja mbele ya wamemba. Mtu wa komite ao jamaa yake akitaka kununua, aseme mapema na atoke mu kazi ya kufungua barua. Tumeona koperative moja ikivunjika, si kwa sababu bei ilikuwa mbaya, ila kwa sababu mnunuzi alikuwa shemeji ya jeran na watu walijua baadaye.

Malipo yapite benki, ao yahesabiwe mbele ya mashahidi na risiti iandikwe palepale. Kamyo isitoke na nusu ya feza. Andikeni mkataba wa kuuza, wenye namba ya shasi na ya moteri, muuthibitishe ku notere, mubaki na kopi. Halafu mtu wa koperative aende pamoja na mnunuzi kubadilisha karte roze. Jina lenu likibaki mule, siku kamyo inagonga mtu barabarani, watakuja kuwatafuta ninyi.

Ikishaondoka, depo bado haiko tayari. Kama chini ni simenti, mwaga maranda ya mbao juu ya mafuta, acha siku mbili, fagia, kisha osha na sabuni na maji ya moto, na rudia. Kama ni udongo, chimba sentimetre 15 mahali palipokuwa moteri na tanki, tupa ule udongo mbali na shamba na chemchemi, weka mwingine na uushindilie. Panga mbao chini. Kisha weka pale kilo mbili za kahawa kavu mu gunia dogo, acha majuma mawili, ikaange na uionje pamoja na ile ya upande mwingine wa depo. Kama ulimi hauoni tofauti, leteni magunia.