Mtoto wa jicho na kambi za macho vijijini

Swali: Kambi ya macho ya bure ikifika kijijini, mzee aliyepofushwa na mtoto wa jicho anaweza kuona tena?

Jibu: Mara nyingi, ndiyo. Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda kwenye lenzi ya jicho, na ndio chanzo kikuu cha upofu duniani. Matone ya dawa hayauondoi. Tiba ni upasuaji. Jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyoharibika hutolewa na ya plastiki kuwekwa. Kwa kawaida bandeji hufunguliwa kesho yake. Kinachowakwamisha wengi si ada peke yake, bali pia nauli na mtu wa kumsindikiza mgonjwa, hivyo kambi nzuri hugharimia usafiri. Upofu unaoletwa na presha ya jicho ni tofauti: uoni uliopotea haurudi. Anayeanza kuona ukungu apimwe mapema, na dawa za kienyeji zisitiwe jichoni kamwe.