Dondoo Muhimu: Kununua Mapambo ya Kale ya Shanga

Anayetafuta mapambo ya kale ya Wamaasai au mporro, yaani mkufu wa ndoa wa Wasamburu, azingatie haya:

1. Achunguze uzi kabla ya shanga, kwa kuwa kazi kongwe aghalabu ilitungwa kwa ngozi au nyuzi za mimea, ilhali ya nailoni mara nyingi ni mpya, hata ikipakwa masizi.
2. Ashike shanga: za kioo huwa baridi na nzito, za plastiki nyepesi.
3. Asilipe bei ya "kale" katika Soko la Kimaasai la Nairobi, ambako bidhaa nyingi ni kazi mpya, ingawa nazo ni nzuri.
4. Akatae mapambo yenye pembe za ndovu.
5. Kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kisipelekwe ng'ambo bila kibali, kama inavyotaka Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006.