Somo: Kuunganisha Programu ya Kufuatilia Mtandao na Kanzidata

Programu ya kufuatilia matukio ya mtandao, mfano Zabbix, huandika kumbukumbu zake katika kanzidata. Muunganisho huo ukikatika, matukio hayahifadhiwi. Na siku mtandao wa ofisi au shule yako utakapokwama au kuingiliwa, utakosa kumbukumbu za kueleza kilichotokea.

Fundi anapokufungia programu hii, hakikisha kwamba:

1. Faili la zabbix_server.conf linataja kanzidata ilipo (DBHost), jina lake (DBName), mtumiaji (DBUser) na nywila (DBPassword).
2. Mtumiaji huyo ni wa programu hii pekee, wala si msimamizi mkuu wa kanzidata.
3. Asiyehusika hawezi kulisoma faili hilo, kwa kuwa nywila iliyoandikwa humo huonekana wazi.
4. Mlango wa kanzidata, ambao kwa MySQL kwa kawaida ni namba 3306, haufikiwi kutoka intaneti.

Baada ya programu kuwashwa upya, chomoa waya wa mtandao wa kifaa kimoja kinachofuatiliwa, subiri dakika chache, kisha tazama iwapo tukio limeandikwa. Usiipokee kazi kabla ya jaribio hilo.