Kumzoesha Mtoto Mwenye Usonji Kuvaa Vifaa vya Kusikia

Mtoto amepimwa na vifaa vya kusikia vimepatikana, lakini kila vikiwekwa masikioni anaving'oa na kuvitupa. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa na vifaa vikaishia kabatini. Hasara yake ni kubwa, kwa kuwa miaka ya mwanzo ndiyo ubongo wa mtoto hushika lugha kwa wepesi zaidi.

Kwa nini anakataa?

Watoto wengi wenye usonji huhisi mguso na sauti kwa ukali kuliko watoto wengine. Moldi, ile sehemu inayoingia ndani ya sikio, inaweza kumkera kama kokoto ndani ya kiatu. Tena sauti ambazo hakuwa akizisikia, kama sufuria zikigongana, humjia kwa ghafla. Huo si ukaidi. Kumchapa au kumshika kwa nguvu kutamfanya aviogope zaidi.

Kabla ya kuanza, hakikisha haumii. Angalia kama sikio lina usaha, wekundu au nta nyingi. Kifaa kikipiga mluzi mara kwa mara, huenda moldi haikai sawasawa. Watoto wadogo hukua upesi, hivyo moldi huhitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Akishtushwa na sauti, mtaalamu wa usikivu anaweza kuipunguza, kisha aipandishe polepole.

Hatua za kufuata nyumbani

1. Mzoeshe kuguswa masikio, kwa mfano wakati wa kumwosha au kumpaka mafuta.
2. Mwache ashike moldi ambayo haijaunganishwa na kifaa. Mwonyeshe ukijiwekea sikioni, au umwekee mwanasesere.
3. Mvalishe moldi peke yake kwa muda mfupi, huku akifanya jambo analolipenda.
4. Akiizoea, mvalishe kifaa kikiwa kimewashwa, mahali penye utulivu. Soko na steji ya matatu zisubiri.
5. Kitoe wewe mwenyewe kabla hajachoka, kisha umpongeze. Siku zinazofuata ongeza dakika chache chache.

Fanya hivyo saa ileile na mahali palepale kila siku, kwani watoto hawa hutulia wakijua kinachofuata. Picha mbili husaidia: kwanza kifaa, halafu mchezo. Akiking'oa, usimfokee wala usimkimbize. Kiokote kwa utulivu, ngoja kidogo, kisha ujaribu tena. Lengo ni avivae muda wote akiwa macho, isipokuwa wakati wa kuoga. Wengine huzoea kwa siku chache, wengine kwa miezi.

Ishara za mikono na picha ziendelee kutumika pia. Hazimzuii mtoto kujifunza kuzungumza, na humpa njia ya kusema "inaniuma" au "imetosha".

Tahadhari

Betri ndogo za vifaa hivi ni hatari. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo lake kwa muda wa saa 2 tu. Omba kifaa chenye kifuniko cha betri kinachofungwa, na uhifadhi betri mbali naye. Akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitalini papo hapo, hata kama haonyeshi dalili. Funga pia kamba ya kushikiza kifaa kwenye nguo ili kisipotee.

Pa kupata msaada

Anza na mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako utaelekezwa kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Vituo vya tathmini ya elimu, yaani EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, hukagua mahitaji ya mtoto na kushauri kuhusu shule inayomfaa. Msajili pia mtoto wako katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako aliyesajiliwa anaweza kuomba msaada wa vifaa.

Mweleze pia nyanya, yaya na mwalimu jinsi ya kumvalisha. Mtoto atazoea upesi zaidi iwapo wote wanaomlea watafuata utaratibu mmoja.