Kwenda Kulitazama Kanisa Kuu la Unguja



Siku hizi vyama vya wanawake, vijana na kwaya zetu hupenda kufunga safari pamoja, na wengi huvuka bahari kwenda Unguja kulitazama Kanisa Kuu la ndugu zetu Waanglikana, lililojengwa Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Ni jambo jema. Walakini nimeona ya kuwa wengi huenda bila kujua waendalo kulitazama, nao hurudi na karafuu na picha tu. Kwa hiyo nawaandikieni haya, mpate kuwafundisha watu wenu kabla hawajapanda boti.

Fungueni kwanza Kitabu cha Yoshua, mlango wa 4. Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani waliamriwa kuyasimamisha mawe kumi na mawili, ili watoto watakapouliza maana yake, wazee wawaeleze. Angalieni: jiwe halisemi. Kazi yake ni kumfanya mtoto aulize. Kujibu ni kazi ya mzee. Na mzee akijibu yasiyo kweli, mawe yale yamebebwa bure.

Basi habari za mahali hapa ni hizi. Sultani Barghash alifanya mkataba na Waingereza mwezi wa Juni 1873, na soko likafungwa. Misioni ya Vyuo Vikuu (U.M.C.A.) ikapata kiwanja, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Aliyeisimamia kazi ni Edward Steere, naye alikuwa bado kasisi. Akawa Askofu mwaka 1874. Ndiye yule aliyetoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, akajitaabisha sana kuyafasiri Maandiko, hata sisi Walutheri tumekula matunda ya shamba lake. Alifariki mwaka 1882, na kaburi lake li nyuma ya madhabahu.

Mkiingia ndani msikimbilie kupiga picha. Simameni mbele ya madhabahu, mtazame chini. Mtaona duara ya marumaru. Wenyeji hueleza ya kuwa hapo palikuwa na mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa mbele ya wanunuzi. Pale palipomwagika damu ya watu ndipo leo watu wapigapo magoti kupokea Chakula cha Bwana. Mwalimu asiharakishe hapo. Awaache watu wanyamaze kidogo.

Uko pia msalaba wa mbao, uliochongwa katika mti wa kijijini kwa Chitambo, nchi ya Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Dkt. Livingstone mwaka 1873. Nawasihi msilitaje jina la Livingstone peke yake. Mwili wake ulichukuliwa mpaka pwani na watu wake, na viongozi wao walikuwa Chuma na Susi. Chuma alikuwa ametolewa katika minyororo ya wauza watumwa tangu ujana wake. Na mwisho wa kanisa, penye mahali pa ubatizo, mtaonyeshwa nguzo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa ya kuwa mafundi walikosea Steere alipokuwa safarini. Zingali zimesimama vivyo hivyo hata leo, nazo hulichukua jengo bila kulalamika.

Sasa nafika kwenye neno zito. Wako wasemao ya kuwa utumwa ulikwisha soko lilipofungwa. Sivyo. Lilifungwa soko; watu walizidi kumilikiwa. Unguja na Pemba sheria iliuondoa utumwa mwaka 1897, wala hata hapo si kwa wote, na huku bara Tanganyika ni mwaka 1922. Tena mtapelekwa katika vyumba vya chini, vyenye dari ya kugusa kichwa, na kuambiwa watumwa waliwekwa humo. Wenye kuchunguza historia wamesema nyumba ile ilijengwa na misioni baada ya soko kufungwa. Sisemi msiingie. Nasema msiape. Mateso ya watumwa hayahitaji kuongezewa neno.

Wengine hutoka pale wakiwalaumu jirani zao Waislamu. Ndugu, saa iliyo katika mnara wa kanisa lile ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe. Na walionunua hawakuwa Waarabu tu: wenye mashamba ya miwa wa Réunion na Mauritius walikuwa watu wa kubatizwa. Na aliyewakamata huko bara ni nani? Mara nyingi ni mwenye ngozi kama yangu, aliyeuza mateka wa kijiji cha pili.

Jambo hili li karibu nasi kuliko tudhanivyo. Nilipokwenda na akina mama wa usharika wetu, tulifika tukiimba na kucheka kama watu wa arusi. Uani mna shimo, na ndani yake sanamu tano za watu waliofungwa shingo kwa mnyororo wa kweli, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi, ya mwaka 1998. Hapo nyimbo zikakoma. Mama mmoja mzee, mwenye maneno mengi siku zote, aliketi kando akakataa kushuka vyumbani.

Nikamwuliza, “Mama, je, u mgonjwa?”

Akanijibu, “Siumwi, mwalimu. Mama wa bibi yangu alinunuliwa kwa doti mbili za merikani. Wanangu sijapata kuwaambia. Niliona haya, watu wasije wakatuita kizazi cha watumwa.”

Sikuwa na la kumwambia. Nilimshika mkono tukaingia kanisani, naye akasimama penye duara ile kitambo kirefu, viatu amevivua. Aibu ile aliyoichukua miaka yote si yake. Ni ya yule aliyezipokea doti mbili.

Katika boti ya kurudi alimwita mjukuu wake aliyefuatana nasi, akamketisha karibu naye, akaanza kumwambia jina la yule bibi.